Shajara ya blanketi la kanga: Alhamisi, 5 Machi 2026

Saint Paul, Minnesota. Hii ni wiki ya tatu ya mradi, na blanketi ninaloliandikia bado halijawa blanketi. Ni rundo la miraba ya kanga iliyopigwa pasi na kupangwa juu ya meza ya kulia chakula, hali iliyowalazimu watu wa nyumba hii kula wakiwa wameweka sahani mapajani tangu Jumapili.

Kwa msomaji anayeanza leo, mradi wenyewe ni huu. Kila Alhamisi asubuhi wanawake wapatao kumi na wawili wa usharika wetu wa Kilutheri, pamoja na mzee mmoja wa kiume ambaye kazi yake ni kukata, hukutana katika ukumbi wa chini ya kanisa kushona mablanketi ya viraka yanayokabidhiwa Lutheran World Relief, shirika la misaada lililoanzishwa na Walutheri wa Marekani mwaka 1945 kwa ajili ya watu wa Ulaya walioachwa bila kitu na vita. Kamusi zinalo neno mfarishi, lakini sijawahi kulisikia kinywani mwa mtu wa kwetu, kwa hiyo nitaendelea kusema blanketi la viraka. Kipimo chake ni inchi 60 kwa 80, yaani takriban sentimita 152 kwa 203. Lina matabaka matatu: uso wa viraka, kijazo cha katikati ambacho mara nyingi ni blanketi kuukuu, na mgongo ambao sisi hutumia shuka. Matabaka hayo hushikizwa kwa mafundo ya uzi mnene, si kwa mishono iliyotambaa uso mzima kama ilivyo kwa yale ya maonyesho. Tumejiwekea lengo la mablanketi 40 kabla Aprili haijaisha, na hadi wiki iliyopita tulikuwa na 27.

Nilifika katika usharika huu kwa sababu ya bango. Sinodi ya Kilutheri ya eneo la Saint Paul ina ushirikiano wa miaka mingi na Dayosisi ya Iringa ya KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), ushirikiano unaoitwa kwa Kiswahili hata huku, Bega kwa Bega, na majira yangu ya baridi ya kwanza nilipita mbele ya kanisa nikaona neno KARIBU limebandikwa mlangoni. Niliingia kupata joto, nami sijatoka hadi leo. Wanakikundi wenzangu wengi ni bibi wenye asili ya Norwei, Uswidi na Ujerumani, na aliye mkubwa kuliko wote ana miaka 88. Yeye anakumbuka nguo alizoshonewa utotoni kwa magunia ya pamba ya chakula cha kuku, ambayo viwanda viliyachapa maua makusudi ili akina mama wayapende. Ndiye aliyeniuliza mwezi uliopita kwa nini nashona kwa vitambaa vya wengine wakati nilikuja kazini nimejifunga kitambaa kizuri kuliko vyote vilivyo kabatini. Nilikuwa nimejifunga kanga juu ya suruali ili nisichafuke na pamba.

Hesabu ya kanga niliyoifanya wakati ule bado ndiyo ninayoifuata. Uso wa inchi 60 kwa 80 unatoshwa na miraba 48, sita kwa nane, kila mmoja ukiwa na inchi 10 baada ya kushonwa. Kwa kuwa kikundi chetu huacha nusu inchi ya mshono kila upande, badala ya robo waiachayo washonaji wa mapambo, kila mraba hukatwa inchi 11, yaani sentimita 28. Mshono mpana ni kwa ajili ya mwisho wa safari ya blanketi: litafuliwa kwa mikono, litakamuliwa kwa nguvu, litaanikwa juu ya kichaka, na mshono mwembamba hautastahimili hayo. Kipande kimoja cha kanga, chenye sentimita 150 hivi kwa 110, kingenipa miraba 15 kama ningekata bila kujali kitu. Lakini kanga ina jina, na jina limekaa pale pale ambapo mkasi ungependa kupita. Nikiuondoa kwanza ukanda wa jina ukiwa mzima, napata miraba 10 tu. Vipande vitano, miraba 50, ziada miwili. Niliona inatosha.

Saa kumi na moja alfajiri leo nilimpigia simu dada yangu Iringa, ambako ilikuwa saa nane mchana na alikuwa ametoka kuanua nguo. Tunatofautiana kwa saa tisa hadi Jumapili hii, Marekani itakaposogeza saa mbele na tofauti ikabaki nane. Kila mwaka humkumbusha, na kila mwaka hunijibu kwamba jua la Iringa halijasogezwa na mtu.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Hiyo baridi imewaachia?”

“Bado. Leo namalizia kukata kanga.”

Alinyamaza kidogo. “Kanga zipi?”

Nilimtajia. Ya kwanza ni nyekundu, kipande kimoja kisicho na mwenzake, imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Niliipewa na wifi yangu siku ya kuondoka na sikuwahi kuivaa wala kumwuliza alimkusudia nani. “Hiyo kata,” dada alisema. Doti ya pili ni nyeupe yenye maua ya kijani, WEMA HAUOZI, zawadi ya wanawake wa usharika wetu wa nyumbani. Hakuwa na neno nayo. Doti ya tatu ni ya buluu iliyopauka, MGENI NJOO MWENYEJI APONE, nayo ilikuwa ya marehemu mama. Hapo alishusha sauti. “Kata, kama ni ya kumfunika mtu. Lakini jina usiliguse.” Nilimwahidi, kwa kuwa alfajiri ile sikuwa na sababu ya kuligusa.

Mume wangu alirudi kutoka zamu ya usiku saa moja na robo, akakuta maharage yameshawekwa kwenye sufuria ya umeme na binti yetu anatafuta glovu moja. Glovu ilipatikana ndani ya kapu la miraba. Basi la shule lilipita, mwenye zamu akalala, nami nikaondoka na kapu langu, kiatu kikilia juu ya barafu iliyoganda upya usiku. Vyombo vya jana sikuviosha. Naliandika hilo ili shajara iwe ya kweli.

Ukumbini tulianza saa tatu. Kabla ya kushona palikuwa na masufuria mawili makubwa ya kumalizia kusugua, mabaki ya chakula cha jioni ya Jumatano, kwa maana majira haya ya Kwaresima kila Jumatano washarika hula supu na mkate pamoja kabla ya ibada, na zamu ya wiki hii ilikuwa ya kikundi chetu. Supu ya mbaazi ikigandia chini ya sufuria haina tofauti na ukoko wa ugali: aliyejaribu kuukwangua kwa haraka ameumiza sufuria na kucha. Niliiloweka kwa maji ya moto na magadi ya kuokea, nikaenda kuwasha pasi.

Kazi ya pamoja ilikwenda vizuri. Tulikamilisha mablanketi matatu, kwa hiyo sasa tuna 30. Mawili yalifungwa mafundo na wanne wanne, kila pembe ya meza mtu wake: sindano ndefu inashuka matabaka yote matatu, inapanda umbali wa nusu sentimita, uzi unafungwa mara mbili, kulia juu ya kushoto kisha kushoto juu ya kulia, na ncha zinakatwa zikibaki kama urefu wa pingili ya kidole. Ukizungusha upande mmoja mara zote mbili, fundo litafunguka kwenye ufuaji wa kwanza. Mafundo huwekwa kila inchi tano, na hivyo uso wa blanketi moja hubeba mafundo 165, kumi na moja kwa kumi na tano. Bibi wa miaka 88 hayahesabu. Hupima kwa upana wa kiganja chake na hakosei.

Saa nne na nusu ikaletwa kahawa ya yai, ambayo sijaiona mahali pengine isipokuwa kwenye vikao vya Walutheri wa huku. Mpishi hupasua yai zima, ganda na vyote, akaliponda ndani ya unga wa kahawa hadi liwe tope jeusi, akalitia kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache, kisha akamwaga kikombe cha maji baridi. Tope lote huzama chini likiwa limeshikana na yai, na kahawa inayobaki juu ni ya rangi ya asali, nyepesi, haina uchungu kabisa. Mimi niliyelelewa kwa chai ya maziwa na tangawizi nilichukua miezi mingi kuikubali. Leo nilikunywa vikombe viwili, na nadhani cha pili ndicho kilichonitetemesha mkono.

Kosa lilitokea baada ya hapo. Nieleze kwanza kwamba ziada yangu ya miraba miwili ilikuwa imeshakwisha tangu Jumamosi, kwa uzembe wangu mwenyewe. Nilifua kanga ya wifi pamoja na zile nyeupe, nikasahau kwamba kanga isiyowahi kuvaliwa huchuja, na kona ya kipande kimoja cheupe ikatoka na doa la waridi pana la kutosha kuharibu miraba miwili. Nilijaribu siki, kama wanavyoshauri wengi. Siki haikusaidia kitu. Kilichosaidia, kwa ile nyekundu, ni maji baridi peke yake, mara tano, hadi yalipotoka meupe. Kwa hiyo leo asubuhi nilikuwa na kanga ya kutoa miraba 48 kamili na hakuna wa akiba.

Zilikuwa zimebaki safu mbili za kukata. Kanga ni nyepesi kuliko pamba ya washonaji wa huku. Ikilazwa mezani huteleza na kujivuta, na michoro yake mara nyingi haikuchapwa sambamba na nyuzi, hivyo ukifuata mchoro mraba unapinda na ukifuata nyuzi mchoro unapinda. Dawa yake ni wanga. Unapiga wanga, unapiga pasi ikauke kabisa, kitambaa kinasimama kama karatasi ya barua. Nilifanya hayo yote. Kisha nikaweka rula kwenye mstari wa 10 badala ya 11, nikapitisha kisu cha gurudumu mara moja, nyororo, bila shaka yoyote moyoni. Mzee anayekata alikuwa ameona kabla yangu. Alivua miwani, akaifuta, akasema kwamba yeye alishawahi kukata migongo sita namna hiyo kwa siku moja. Alikuwa ananifariji tu, nadhani. Miraba 47.

Pendekezo la kwanza lilikuwa kuweka kiraka cha kitambaa kingine, nami nililikataa kwa ukaidi ambao sijivunii. La pili lilitoka kwa bibi mkubwa, aliyekuwa ameokota zile kanda za majina kutoka kapuni na kuzinyoosha juu ya meza moja baada ya nyingine. “Na hizi?” aliuliza. “Hizi zinasema nini?”

Nikaanza na ya wifi. Nilipomaliza kutafsiri, palikuwa na kimya, kisha mmoja akauliza kama maneno hayo huvaliwa kanisani. Nilieleza kwamba huvaliwa sokoni, kisimani na mlangoni kwa jirani, na kwamba mwanamke anaweza kumaliza ugomvi wa mwaka mzima kwa kupita mara moja mbele ya mlango wa mtu bila kufungua kinywa. Walicheka hadi cherehani zikasimama. Bibi mkubwa aliomba ukanda huo awe nao, na alipoulizwa atamvalia nani, alisema jengo analoishi lina kamati. Nilimpa. Sidhani wifi angekasirika.

Hata hivyo suala lenyewe halikuwa la kuchekesha, nami nililifikiria kwa makini. Sisi huepuka vitambaa vyenye bendera, madoa ya sare za kijeshi na alama za dini, kwa kuwa blanketi linaweza kumfikia aliyekimbia vita, au mwenye imani nyingine. Maneno nayo ni alama, tena huku hakuna anayeyasoma isipokuwa mimi. Mablanketi ya namna hii yamekuwa yakipelekwa nchi nyingi, Tanzania ikiwa mojawapo, na hayatumiki kwa kulalia tu. Hutandikwa chini, hutundikwa kugawa chumba, hufungiwa mtoto mgongoni, kazi ambazo kila Mswahili atatambua kuwa ni za kanga. Tuseme basi limemfikia mtu anayesoma Kiswahili. HASIDI HANA SABABU ni salamu ya ajabu kwa mtu aliyechomewa nyumba. Wenzangu walipendekeza WEMA HAUOZI, kwa tafsiri yangu ilikuwa nzuri, lakini mimi nililiona baya zaidi. Aliyepewa kitu na asiyemjua akafunua na kukuta maneno hayo, atasoma kama deni: tumekutendea wema, usisahau. Likisemwa na mpokeaji ni shukrani, likisemwa na mtoaji ni masimango. Ilinichukua muda kulieleza kwa Kiingereza, na sina hakika nilifaulu.

Ukabaki ukanda wa mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyo atakayelipokea ni mgeni mahali fulani, na maneno yanamwambia kwamba kuja kwake ni uponyaji kwa aliyemkaribisha, hayamdai chochote. Doti ina vipande viwili, na kila kipande kina jina lake, kwa hiyo kanda ni mbili. Nimemwahidi dada kutoligusa jina. Niliamua kuligusa moja na kuliacha la pili zima, na kwamba nitamwambia mwenyewe kabla hajaona picha.

Kabla ya kuondoka tulishusha viti na kutandaza meza kwa ajili ya kesho, maana Ijumaa ya kwanza ya Machi ni Siku ya Maombi ya Dunia, na mwaka huu ibada imeandaliwa na wanawake wa Nigeria. Niliombwa kupamba ukumbi “kwa sababu ni kwenu.” Nilisema kwa upole kwamba kutoka Iringa hadi Lagos ni mbali kuliko kutoka hapa hadi Mexico, kisha nikapamba, kwa kuwa vitenge ninavyo na wao hawana.

Nyumbani nilimkuta mume wangu ameamka na ameosha vyombo vya jana. Tulikula ugali na maharage na mchicha wa pakiti, sahani mapajani, binti akitusomea insha yake kuhusu beva. Saa mbili usiku niliketi kwenye cherehani. Mstari wa kwanza ulitoka na vitanzi upande wa chini, nami kama mtu yeyote nikalaumu uzi wa bobini. Lakini vitanzi vya chini karibu kila mara ni kosa la uzi wa juu. Nilikuwa nimeupitisha mguu wa cherehani ukiwa umeshushwa, na mguu ukishushwa visahani vya mkazo hubana, uzi ukapita juu yake bila kuingia. Niliinua mguu, nikapitisha upya, nikabadili sindano ya namba 90 kwa ya 70 kwa ajili ya wepesi wa kanga, na vitanzi vikaisha.

Mraba wa arobaini na nane ulinichukua saa nzima na dakika kumi. Jina la kanga ni refu kuliko mraba, hivyo ilibidi lipangwe mistari mitatu: MGENI NJOO, chini yake MWENYEJI, chini yake APONE. Kanda tatu za sentimita 11, zikishonwa kwa nusu inchi, zinarudisha sentimita 28 kamili. Taabu ilikuwa kwenye upana. MWENYEJI na APONE nilivijazia ncha kwa vipande vya pindo la kanga hiyo hiyo, lakini MGENI NJOO ulijaza mstari wote, na O ya mwisho imekaa ukingoni kabisa mwa mshono. Ukiinamisha taa unaona kwamba mviringo wake umeliwa kidogo upande wa kulia. Nilifumua mara moja nikajaribu kuusogeza. Herufi M ikaanza kuliwa upande wa kushoto. Nikairudishia O hasara yake.

Hadi saa tano usiku: miraba 48 ipo, safu tatu kati ya nane zimeunganishwa, na mraba wa jina uko safu ya tano, wa tatu kutoka kushoto, mahali ambapo mtu akijifunika hadi kifuani ataweza kuusoma akiinua pindo.

Ijumaa, 6 Machi, alfajiri. Nimemaliza safu ya nne kabla ya kupika chai. Nimempigia dada na kumweleza yote, kuanzia rula hadi mistari mitatu. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo lisilo kawaida yake. Kisha akauliza ukanda wa pili nimeuweka wapi. Nilimwambia uko ndani ya Biblia, umenyooka, haujakunjwa.

“Basi huo ni wangu,” alisema. “Uutume kabla mkono haujakutetemeka tena.”

Kuna mwenzetu wa Bega kwa Bega anayesafiri kwenda Iringa mwezi wa sita. Nimemwandikia. Zimebaki safu nne, mgongo, kijazo na mafundo 165.